Hilux ya zamani ya dizeli inapoanza kusumbua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yanahusu Hilux zenye injini za Toyota za familia ya L zisizo na tabo: 2L (cc 2446), 3L (cc 2779) na 5L (cc 2986). Ndizo pikapu zilizojaa barabara zetu tangu miaka ya 1990, na uzuri wake ni kwamba hazina kompyuta ya kuzisumbua. Ugonjwa wake unaonekana kwa macho, unasikika kwa masikio na unanuswa. Mimi ninayoijua zaidi ni Hilux toleo la LN106 yenye 3L, ambayo kwa miaka mingi nimeshusha nayo nyanya za Ilula na kupandisha saruji kutoka Dar es Salaam.

Fundi amesema injekta pampu (pampu inayosukuma dizeli kwa presha kwenda kwenye silinda) imekufa. Nikubali ifunguliwe?

Usikubali bado. Kwanza muulize: umeipimaje? Kama jibu ni "ninazijua hizi gari", funga boneti uondoke kwa heshima. Injekta pampu ndiyo kifaa cha bei kubwa kuliko karibu vyote vilivyo chini ya boneti hiyo, na dalili za pampu mbovu hufanana na dalili za mpira wa mafuta uliopasuka, filta iliyoziba, au waya uliolegea. Vitu hivyo vitatu unavimaliza kwa pesa ya chakula cha mchana.

Nasema hivi kwa uchungu. Mwaka fulani pikapu yangu ilianza kukosa nguvu nikipanda Kitonga na mzigo. Tambarare inakwenda vizuri, nikifika kwenye kona za mlima inakohoa, inashuka mpaka gia ya kwanza, mara inazima. Gereji niliyoipeleka ilitoa pampu, ikakaa siku tatu mezani, nikalipa kila shilingi niliyotajiwa. Safari iliyofuata, mlima uleule, kona ileile, ikazima tena. Mzee mmoja fundi wa pale Ilula ndiye aliyenisaidia. Alichomoa mpira unaotoka kwenye filta kwenda kwenye pampu, akaweka kipande cha mpira mweupe unaopitisha mwanga, kisha akaniambia, "Kijana wangu, washa uje uangalie mwenyewe." Dizeli ilikuwa inapita na mapovu, madogomadogo kama ya soda, na nikikanyaga mafuta yanakuwa makubwa. Tulifuata bomba nyuma hadi kwenye tangi. Kipande cha mpira kisichozidi urefu wa kidole kilikuwa kimekauka na kupasuka chini ya klipu. Pampu haikuwa na kosa lolote.

Mpira ukipasuka si dizeli ingevuja nikaiona chini?

Hapana, na hapo ndipo wengi wanapotea. Katika injini hizi pampu ndiyo inayovuta dizeli kutoka kwenye tangi. Hakuna pampu nyingine nyuma inayosukuma. Kwa hiyo njia yote kuanzia tangi hadi pampu iko kwenye hali ya kunyonya. Ufa ukitokea, upepo unaingia ndani na dizeli haitoki nje. Mpira unaweza kuwa mkavu kabisa na bado ukawa ndio mchawi wako.

Pima hivi. Weka mpira mweupe kama nilivyoeleza, kati ya filta na pampu, uangalie injini ikiwa silensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta) na ukiikanyaga. Povu moja moja mara tu baada ya kuwasha si tatizo. Mfululizo wa mapovu ni tatizo. Ukitaka uhakika zaidi, chukua dumu safi la lita 5 lenye dizeli, chomeka humo mpira mpya unaokwenda kwenye filta, na mpira wa kurudisha mafuta nao uingie kwenye dumu hilohilo. Washa gari likiwa limesimama, mbali na moto. Kama injini imetulia, ugonjwa uko kati ya tangi na filta. Kama bado inahangaika, songa mbele: filta yenyewe, pampu ya mkono iliyo juu ya filta (mpira wake wa ndani huchoka), kisha ndiyo injekta pampu.

Jambo dogo ambalo limewatesa watu wengi: boliti mbili zinazoshika mipira kwenye pampu, ya kuingiza na ya kurudisha, zinafanana kwa nje lakini si sawa. Ya kurudisha ina tundu dogo sana ndani yake, kwa ajili ya kushikilia presha ndani ya pampu, na kichwani imeandikwa OUT. Fundi akizibadilishana, injini inawaka kwa shida na haina nguvu, na wewe unaanza kuuziwa pampu. Kama matatizo yalianza baada ya pampu kuguswa, anzia hapo.

Asubuhi inakataa kuwaka, ikishawaka inakwenda vizuri siku nzima. Nini hicho?

Mwambie mtu apige staata, wewe simama nyuma uangalie bomba la moshi. Huko ndiko kuna jibu.

Kama staata inazungusha vizuri lakini bomba halitoi moshi hata kidogo, dizeli haifiki kwenye silinda. Usiku mafuta yamerudi kwenye tangi kwa sababu ya upepo unaoingia mahali, au umeme wa pampu haufiki. Bonyeza pampu ya mkono mara kadhaa mpaka iwe ngumu, kisha jaribu. Ikiwaka mara moja, tafuta mahali upepo unapoingilia. Dalili nyingine ya ugonjwa huu: gari likilala limeelekeza pua mlimani linasumbua zaidi kuliko likilala tambarare.

Kama bomba linatoa moshi mweupe unaochoma macho na kunuka dizeli mbichi, mafuta yanafika ila hayaungui. Hapo unakosa joto: hita plagi (zinazopasha silinda moto kabla ya kuwasha) zimekufa, au staata inazungusha polepole, au taimingi ya pampu imechelewa, au kompresheni imeshuka. Anza na hita plagi na betri. Dar unaweza kuendesha miezi na plagi mbili mbovu usijue. Lala Njombe usiku mmoja wa Julai, utajua.

Hita plagi nazipimaje bila kwenda gereji?

Ondoa ule ukanda wa chuma unaounganisha plagi zote nne. Usipouondoa utapima zote kwa pamoja na hutajua ipi ni ipi. Chukua taa ya kupimia, klipu yake kwenye chanya ya betri, ncha iguse kichwa cha plagi moja. Taa ikiwaka, plagi ina njia. Isipowaka, imekatika. Kisha rudisha ukanda, washa ufunguo injini ikiwa baridi, upime kama umeme unafika kwenye ukanda huo. Mara nyingi plagi ni nzima ila rilei au fyuzi ndiyo imekufa.

Ukinunua mpya, soma volti iliyoandikwa kwenye mwili wa plagi ya zamani. Toyota ilitumia mifumo zaidi ya mmoja, na plagi yenye volti ndogo ukiifunga kwenye mfumo wa volti 12 itaungua upesi, na ncha yake inaweza kukatika na kuangukia ndani. Na tafadhali, usipulizie petroli wala dawa ya kuwashia kwenye njia ya hewa huku hita plagi zikifanya kazi. Nimeona pistoni iliyovunjika kwa sababu hiyo.

Inazima ghafla barabarani kana kwamba nimezima ufunguo. Baadaye inawaka yenyewe.

Kwenye injekta pampu kuna kifaa kidogo cha umeme chenye waya mmoja, kinachofungua njia ya dizeli ufunguo ukiwashwa. Umeme ukikatika, injini inakufa papo hapo, bila kukohoa. Upepo au filta iliyoziba huua injini kwa kuinyonga polepole. Tofauti hiyo ikumbuke, inaokoa muda mwingi.

Washa na kuzima ufunguo bila kupiga staata huku mwenzako akisikiliza karibu na pampu: lazima kisikike kitu kinasema "tik". Kama hakuna, pima kama waya una volti 12. Usipokuwa na umeme, fuata fyuzi, swichi ya ufunguo, na hasa mahali ambapo fundi wa alamu aliwahi kukata waya na kuzisokota kwa selotepu.

Ikiwa baridi inawaka vizuri, ikipata moto nikiizima haiwaki mpaka ipoe.

Hii sasa ni dalili halali ya pampu iliyochoka. Dizeli ya moto ni nyepesi, na kama vyuma vya ndani ya pampu vimelika, inapenya pembeni badala ya kwenda kwenye nozeli zinazoinyunyiza ndani ya silinda. Staata inapozungusha polepole, presha haitoshi kufungua nozeli. Ili kuthibitisha, ikishakataa kuwaka, zungushia pampu kitambaa kilicholowa maji, subiri dakika kadhaa, jaribu tena. Ikiwaka, pampu inahitaji kufunguliwa na mtu mwenye mashine ya kupimia. Usimwagie maji ya baridi moja kwa moja. Lakini kabla ya kuhukumu, hakikisha staata yenyewe haizungushi kivivu ikipata moto, maana dalili ni zilezile.

Tambarare inakwenda, mlimani haina nguvu. Nianzie wapi?

Anza na filta ya dizeli. Kwenye silensa injini inatumia mafuta kidogo sana, hata filta iliyoziba nusu inatosheleza. Mlima ndio unaodai, na filta inashindwa kulipa. Kisha angalia filta ya hewa: itoe, iangalie dhidi ya jua. Kupuliza kwa upepo kuna mwisho wake, karatasi hutoboka. Kisha mwambie mtu akanyage pedeli hadi chini huku wewe ukiangalia kwenye pampu kama mkono wake unafika mwisho kweli. Nimewahi kukuta gari "lisilo na nguvu" ambalo kapeti nene ilikuwa inazuia pedeli kabla ya kufika.

Baada ya hapo ndiyo uje kwenye breki zinazoshika (gusa rimu baada ya safari, iliyo ya moto kuliko nyingine ina neno), klachi inayoteleza, tapeti, nozeli.

Kuhusu klachi: ukipanda mlima kwa gia ya tatu au ya nne ukakanyaga, injini ikapandisha sauti lakini gari halipandishi mwendo, na harufu ya kuungua ikaja, klachi pleti imeisha. Hakuna zaidi ya hapo.

Rangi za moshi zina maana gani?

Mweusi ni mafuta mengi kuliko hewa: filta ya hewa, nozeli zinazotiririsha badala ya kunyunyiza, au mtu alifungua skrubu ya mafuta kwenye pampu ili "iwe na nguvu". Ukiweka pampu sawasawa Dar na kupanda Mbeya, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, moshi mweusi kidogo utaongezeka kwa sababu hewa ya huko ni nyembamba. Huo usikutishe.

Wa bluu ni oili inayoungua: ringi za pistoni au sili za valvu. Ukitoka zaidi asubuhi au baada ya kushuka mlima mrefu bila kukanyaga mafuta, shuku sili za valvu kwanza. Ukitoka muda wote, na kifuniko cha oili ukikifungua kinapumua moshi kwa nguvu, ni ringi.

Mweupe wenye harufu ya dizeli nimeshaueleza. Mweupe usionuka dizeli, unaoendelea hata injini ikiwa ya moto huku maji ya rejeta yakipungua, ni maji yanaingia kwenye silinda. Simamisha gari.

Inamisi na kutikisika ikiwa silensa.

Tafuta silinda gani haifanyi kazi. Injini ikiwa silensa, legeza kidogo tu nati ya bomba la nozeli ya kwanza, robo mzunguko au chini ya hapo, sikiliza, kaza. Kisha ya pili, ya tatu, ya nne. Silinda nzima ukiilegeza injini inashtuka na kushuka. Ile ambayo ukiilegeza hakuna kinachobadilika, hiyo ndiyo mgonjwa. Funika nati kwa kitambaa, vaa miwani, na usiweke kidole mbele ya dizeli inayotoka. Presha ya dizeli hiyo inapenya ngozi, na kidonda chake ni cha hospitali, si cha spiriti.

Ukishaijua, hamisha nozeli yake uiweke silinda nyingine. Ugonjwa ukihama na nozeli, nozeli ndiyo mbovu. Ukibaki palepale, pima kompresheni ya silinda zote nne na uzilinganishe. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, tatizo ni valvu, ringi au gasketi. Kila nozeli inapofunguliwa weka washa mpya. Washa za zamani zilizogongwa na kurudishwa hupitisha moto.

Nitajuaje kama nimewekewa mafuta yaliyochakachuliwa?

Wengi tunakumbuka jinsi neno kuchakachua lilivyoshika mwaka 2010, likatoka vituo vya mafuta hadi kwenye siasa. Mwaka huohuo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji Tanzania, ilianza kuweka vinasaba (alama za kemikali) kwenye mafuta ili kuwabana waliokuwa wakichanganya mafuta ya taa na dizeli. Kenya nayo iliongeza tozo kwenye mafuta ya taa mwaka 2018 kwa sababu hiyohiyo. Shida ya mchanganyiko huo kwa Hilux yako ni kwamba injekta pampu hizi hazina oili yake. Zinalainishwa na dizeli inayopita ndani. Mafuta ya taa ni makavu, yanakula pampu taratibu, wala huoni kitu siku ya kwanza.

Nyumbani hutaweza kuyapima kwa uhakika. Unachoweza kupima ni maji. Chini ya filta kuna koki. Weka chupa ya kioo, fungua koki, bonyeza pampu ya mkono. Acha chupa itulie. Maji yatakaa chini, dizeli juu, na mstari kati yao utauona wazi. Fanya hivyo kila mwezi, na kila wiki kama unanunua mafuta ya mapipa vijijini wakati wa masika. Taa ya filta kwenye dashibodi ikiwaka usisubiri kufika.

Mshale wa joto unapanda nikiwa na mzigo.

Usifungue mfuniko wa rejeta ukiwa wa moto, hata kama una haraka ya namna gani. Ikipoa, angalia maji, mkanda wa feni, na mbele ya rejeta: matope na wadudu vikijaa katikati ya mapezi hewa haipiti. Kama umeondoa themostati kwa ushauri wa mtu, irudishe. Injini hizi zimetengenezwa zifanye kazi kwenye joto lake.

Kisha kipimo cha hedi, yaani kichwa cha injini kinachofunika silinda. Injini ikiwa baridi kabisa, jaza maji, washa bila mfuniko. Mapovu yakiendelea kutoka mfululizo hata baada ya hewa ya kujazia kuisha, au ukifunga mfuniko mpira wa juu wa rejeta ukawa mgumu kama jiwe ndani ya dakika mbili wakati bado ni baridi, moto wa silinda unaingia kwenye maji. Ni gasketi au hedi yenyewe imepasuka. Hedi ipelekwe ikapimwe nyufa kabla ya kufungwa gasketi mpya, la sivyo utafungua mara mbili.

Mkanda wa taimingi ubadilishwe lini?

Kila kilomita 100,000. Kama umenunua gari na hujui historia yake, badilisha sasa pamoja na tenshona. Ukikatika, pistoni zinakutana na valvu.

Pedeli ya breki imekuwa ngumu ghafla. Inahusianaje na alteneta?

Inahusiana sana. Injini ya dizeli haina mvuto wa kutosha kwenye manifoldi kama ya petroli, kwa hiyo Toyota iliweka pampu ndogo ya vakyumu mgongoni mwa alteneta. Ndiyo inayosaidia breki. Mpira wake ukichomoka au pampu ikichoka, pedeli inakuwa kama jiwe. Pampu hiyo inalainishwa na oili ya injini kupitia mpira mdogo. Mpira huo ukipasuka unamwaga oili yote barabarani. Kila unapofungua boneti, uguse.

Usukani unatetemeka nikipita shimo kwa mwendo wa 60 au 70.

LN106 ina ekseli nzima mbele, na ekseli ya namna hiyo beringi za kingpini (pini ambazo gurudumu linageukia likikata kona) zikilegea gurudumu linacheza dansi. Pandisha gurudumu kwa jeki, weka stendi, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukiisha ni beringi ya gurudumu. Ukibaki ni kingpini. Likicheza ukishika kushoto na kulia, angalia tairodi endi.

Mtikisiko unaotoka chini ya kiti unapofikia mwendo fulani, pamoja na mlio wa "ko!" unapoachia klachi, ni krosi za propela shafti. Zipigwe grisi kila unapobadilisha oili.

Yangu ni ya petroli, 22R yenye kabureta. Haya yananihusu?

Ya chini ya gari yote yanakuhusu. Kwenye injini, kwako umeme wa plagi unachukua nafasi ya nozeli: chomoa waya wa plagi moja moja kwa koleo lenye mpira ili kuijua silinda mgonjwa, angalia kofia ya distributa kama ina ufa, kisha mipira ya vakyumu iliyokauka. Ikimisi usiku wenye manyunyu, fungua boneti gizani. Ukiona cheche zinatembea juu ya waya, badilisha waya.

Nikilipeleka gari kwa fundi nimwambie nini?

Usimwambie "gari ni bovu", wala usimtajie kifaa. Mwambie lilianza lini na nini kiliguswa kabla ya hapo. Linasumbua likiwa baridi au la moto. Tambarare au mlimani. Linazima ghafla au linakohoa kwanza. Moshi ni wa rangi gani na unatoka wakati gani. Oili na maji yanapungua kiasi gani kwa wiki. Yaandike kwenye karatasi umpe, pamoja na ile chupa ya dizeli uliyoichota chini ya filta.